MEZA YA NYUMBANI: Kiazi Kilichopandishwa Mezani pa Sikukuu



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za kiazi kitamu. Labda yuko atakayecheka na kusema, "Kiazi nacho kina habari gani ya kuandikwa? Hicho twakijua tangu utoto." Ni kweli twakijua, lakini kitu tukijuacho sana ndicho tukidharaucho upesi. Katika nyumba nyingi kiazi huliwa alfajiri pamoja na chai ya rangi, au siku ambayo hakuna kitu kingine. Mgeni akibisha hodi, sahani ya viazi huondolewa mezani, na mtoto hutumwa mbio dukani kununua mkate. Sikukuu ikikaribia ndiyo zaidi: hakuna anayekitaja kiazi. Baba hukopa mchele, mama hukopa unga na sukari na keki ya mjini, ili nyumba yao isionekane duni mbele ya majirani. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga hayo huja mwezi wa Januari, karo ya watoto inapodaiwa, na mwenye duka naye amesimama mlangoni.

Hatusemi ni vibaya kula vizuri siku ya kuzaliwa kwake Bwana. Furaha ya siku ile yapasa ionekane hata mezani. Lakini twauliza: je, ni lazima furaha hiyo inunuliwe kwa deni, hali shamba lililo nyuma ya nyumba limejaa? Ili kulijibu swali hili tumeona vema tuwaeleze habari za watu waliokichukua kiazi hiki hiki, chakula cha shida yao, wakakipandisha mezani pa sikukuu, wala hakuna aliyeweza kukishusha tena. Watu hao ni watu weusi wa Marekani, na chakula chao ni pai ya viazi vitamu.

Kwa ajili ya wasioijua, pai ni chakula cha kuoka. Hutandikwa ganda jembamba la unga wa ngano katika sahani ya bati, na ndani yake hutiwa viazi vilivyopondwa laini, vilivyochanganywa na mayai, maziwa, siagi, sukari na viungo. Pai hii haina ganda la juu. Uso wake huwa wazi, wenye rangi ya dhahabu. Ikiisha kupoa hukatwa vipande kama keki.

CHAKULA CHA WATUMWA

Kiazi kitamu asili yake si Afrika. Kwao ni nchi za joto za Amerika, nacho kilivuka bahari katika merikebu za Wazungu baada ya safari za Columbus. Hivyo kiazi chetu ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Na wakati kiazi kilipokuwa kikija Afrika, watu wa Afrika walikuwa wakipelekwa Amerika kwa minyororo. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kuelezwa utumwa ni nini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pakajengwa kanisa kuu.

Wale waliochukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi walikuwa wamezoea kula kiazi kikuu. Walipofika katika mashamba ya kusini mwa Marekani walikuta kiazi kitamu badala yake, wakakiita kwa jina la kiazi kikuu cha kwao. Na jina hilo limekaa katika vinywa vya Wamarekani wengi mpaka leo. Posho ya mtumwa kwa juma moja, katika mashamba mengi, ilikuwa unga wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Zaidi ya hayo, mtu alikula alichoweza kulima mwenyewe usiku, au siku ya Jumapili, katika kibustani kando ya kibanda chake. Humo ndimo kilimoota kiazi. Kilizikwa katika majivu ya moto kikaiva polepole, kikaliwa bila sahani.

Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa katika nchi ya Virginia mwaka 1856, na baadaye akawa mwalimu mkuu mwenye sifa, aliandika habari za utoto wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1901. Humo aeleza ya kuwa katikati ya kibanda chao, katika sakafu ya udongo, palikuwa na shimo kubwa lililofunikwa kwa mbao, la kuwekea viazi vitamu wakati wa baridi. Mama yake alikuwa mpishi wa shamba lile. Mtoto yule alipotumwa kuweka viazi shimoni au kuvitoa, mara nyingine alijipatia kimoja au viwili, akavichoma. Fikirini, wapenzi: nyumba haina kitanda cha mtoto, haina meza, lakini ina shimo la viazi.

Katika nyumba za mabwana mambo yalikuwa mengine. Huko Waingereza walikuwa wameleta desturi yao ya kuoka pai na vyakula vitamu vya mayai na maziwa, na bibi mmoja wa Virginia, Mary Randolph, alitia namna ya kupika kiazi kitamu kwa mayai na sukari katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1824. Lakini katika nyumba kubwa kama zile, mikono iliyoponda viazi na kuchochea moto mara nyingi ilikuwa mikono ya wanawake watumwa, nayo majina yao hayakuandikwa po pote. Walipikia meza ambayo hawakuruhusiwa kuketi.

Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865. Wengi wa waliopata uhuru hawakupewa ardhi wala fedha. Ila ujuzi wa mikono hauwezi kubaki nyuma kwa bwana. Wanawake wale walikuwa na kiazi katika bustani zao, na ufundi wa pai vichwani mwao. Wakaviunganisha, wakaoka kwa ajili ya watoto wao wenyewe, katika nyumba zao wenyewe. Mpaka leo, siku ya Krismasi, na Siku ya Shukrani ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba, nyumba nyingi za watu weusi huko huona sikukuu haijatimia pasipo pai ya viazi vitamu.

WANAWAKE WAWILI

Katika wengi walioioka pai hii twataka kuwataja wawili, maana hao majina yao yamehifadhiwa.

Wa kwanza ni Bibi Abby Fisher. Huyu alizaliwa katika utumwa katika nchi ya South Carolina, akaishi Alabama, akazaa watoto 11, na baadaye yeye na mumewe wakahamia mji wa San Francisco. Huko alijulikana kwa achari na mapishi yake, hata akapewa tuzo katika maonyesho. Watu wakamsihi aandike kitabu. Naye hakujua kusoma wala kuandika. Wengine wangalisema, "Basi, haiwezekani." Yeye hakusema hivyo. Alisimulia kwa kinywa chake, wengine wakaandika, na mwaka 1881 kitabu kikapigwa chapa, chenye mapishi 160. Ndani yake imo pai ya viazi vitamu. Bibi Fisher huoka kwa ganda la chini tu. Na mahali pa viungo vingi yeye hutia maji ya chungwa moja na maganda yake kidogo yaliyoparuzwa. Ujuzi ambao ungalizikwa pamoja naye umetufikia sisi, kwa sababu hakuona haya kusema, "Mimi sijui kuandika, lakini najua kupika, niandikieni."

Wa pili ni Bibi Georgia Gilmore wa mji wa Montgomery, katika Alabama. Yeye alikuwa mpishi na mkunga. Katika mji ule watu weusi walikuwa wakilipa nauli ya basi kama wengine, lakini walilazimishwa kuketi nyuma na kuwaachia Wazungu viti. Tarehe 1 Desemba 1955 Bibi Rosa Parks alikataa kusimama, akakamatwa. Na kuanzia tarehe 5 Desemba watu weusi wa mji mzima waliyaacha mabasi. Wakaenda kazini kwa miguu, wazee kwa vijana, na wengine walichukuliwa kwa magari yaliyotolewa na ndugu zao. Mikutano yao ilifanyika makanisani, kwa nyimbo na sala. Lakini magari hayaendi kwa nyimbo. Yahitaji petroli na matengenezo, na fedha zilikuwa chache.

Ndipo Bibi Gilmore akawakusanya wanawake wenzake, wapishi na watumishi wa nyumbani. Walioka keki na pai za viazi vitamu katika majiko yao, wakaziuza katika nyumba za kusukia nywele, kwenye vituo vya teksi, na mlango kwa mlango. Hata Wazungu walinunua, wasijue fedha zinakwenda wapi. Wengi wa wanawake wale walikuwa wakifanya kazi katika nyumba za Wazungu, na kama wangalijulikana wangalifukuzwa. Kwa hiyo chama chao walikiita Chama Kitokacho Pasipo Mahali. Mkutanoni Bibi Gilmore alisimama akatoa fedha za juma lile, na mtu akiuliza zimetoka wapi, jibu lilikuwa tayari: hazikutoka mahali po pote. Yeye mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani mwaka 1956, akapoteza kazi yake. Mchungaji Martin Luther King akamtia moyo na kumsaidia apike nyumbani kwake, na jiko lile likawalisha wengi.

Watu wa Montgomery walitembea siku 381. Mwezi wa Desemba 1956 amri ya mahakama kuu ya nchi ikatekelezwa, nao wakapanda mabasi na kuketi po pote walipotaka. Hatusemi kwamba pai ndiyo iliyoleta haki. Mungu alitumia mambo mengi na watu wengi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na katika kibaba kile zimo senti za kiazi. Bwana wetu alitufundisha kutoa sadaka bila kupiga panda, na tazameni wanawake wale: walitoa, wala mkono wa kushoto haukuambiwa.

Basi, neno letu la mwezi huu ni hili: heshima ya chakula haitoki dukani. Hutoka katika mikono ya mpishi na katika sababu ya kupika kwake. Kiazi kilichokuwa posho ya shida kimekuwa taji ya meza kwa sababu wanawake hawakukidharau.

NAMNA YA KUOKA

Sasa tuingie jikoni. Vipimo hivi vyatosha pai moja katika sahani ya bati yenye upana wa sentimita 23, nayo hukatwa vipande 8.

Kwa ganda: unga wa ngano gramu 160, yaani kikombe kimoja na robo, siagi au mafuta ya kupikia yaliyoganda, gramu 90, chumvi nusu ya kijiko cha chai, maji baridi sana, vijiko vikubwa 3 au 4.

Kwa ndani: viazi vitamu gramu 600 kabla ya kumenywa, sukari gramu 130, siagi gramu 60, mayai 3, maziwa mililita 150, chumvi nusu ya kijiko cha chai, mdalasini wa kusaga kijiko kimoja cha chai, kungumanga iliyoparuzwa, robo ya kijiko, na tangawizi kidogo upendapo. Asiye na viungo afanye kama Bibi Fisher, atie maji ya chungwa na maganda yake machache, ila apunguze maziwa kidogo. Watu wa pwani waweza kutia tui zito la nazi mahali pa maziwa, nayo huwa nzuri sana.

Kwanza, viazi. Viazi vilivyochimbwa leo si vitamu kama vile vilivyokaa siku kadhaa mahali pakavu penye kivuli, maana vikikaa, wanga wake hugeuka sukari kidogo kidogo. Vichague visivyooza wala kutobolewa na wadudu. Usivichemshe ukiweza kuvichoma. Kiazi kilichochemshwa hunywa maji, na pai yake huwa na majimaji. Kiazi kilichochomwa polepole pamoja na ganda lake hukauka na kuzidi utamu, kwa kuwa moto mdogo huendelea kugeuza wanga kuwa sukari kabla kiazi hakijaiva. Hii ndiyo hekima ya wale waliovizika majivuni. Vikiisha kuiva, vimenye vingali na moto, uviponde, kisha uvipitishe katika chekeche ili nyuzi zibaki juu. Usiiache kazi hii. Ndiyo ifanyayo pai kuwa laini ulimini.

Pili, ganda. Changanya unga na chumvi, utie siagi iliyo baridi, uisugue kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga za mkate. Nyunyiza maji kidogo kidogo hata unga ushikane, wala usiukande kama wa chapati. Ukikandwa sana ganda huwa gumu kama ngozi. Ufunike, uuache nusu saa. Kisha sukuma kwa kijiti cha chapati upate duara pana kuliko sahani, ulitandike, ukate ukingo, ulitoboe kidogo kwa uma. Lioke tupu kwa dakika 10 ili lisilowe litakapotiwa viazi.

Tatu, mchanganyiko. Katika viazi vilivyopondwa tia siagi na chumvi, ukoroge. Ngoja vipoe viwe vuguvugu. Ukitia mayai katika viazi vya moto mayai yataiva vipande vipande. Piga mayai pamoja na sukari, utie maziwa na viungo, kisha ukoroge vyote pamoja. Viazi vyetu vingi vya Afrika ya Mashariki ni vikavu kuliko vya Marekani. Basi ukiona mchanganyiko ni mzito kama ugali, ongeza maziwa hata uwe kama uji mzito. Mimina katika ganda.

Nne, moto. Mwenye jiko la kuokea alipashe hata digrii 180, aoke dakika 50 hata 60. Lakini asiye nalo asikate tamaa. Wanawake wa Marekani katika vibanda vyao hawakuwa na jiko la kuokea; walitumia chungu cha chuma chenye miguu mitatu, wakaweka makaa chini, na makaa mengine juu ya kifuniko. Haya si mageni kwetu: ndivyo tupaliavyo wali. Twaa sufuria kubwa nene, utie mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, ufunike, uipashe juu ya jiko la mkaa dakika 15. Weka vijiwe vitatu juu ya mchanga, na juu yake sahani ya pai, usigusane na mchanga. Funika kwa kifuniko kisicho na mwinuko, upalie makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo ganda litaungua kabla uso haujaiva. Usifunue mara kwa mara.

Pai imeiva ukingo wake ukiwa umeshikamana, na katikati bado patikisika kidogo kama maziwa yaliyoganda. Usingoje mpaka katikati pawe pagumu, maana itaendelea kuiva nje ya moto. Ukiona uso umepasuka, jua imekaa motoni kupita kiasi. Iache ipoe kabisa, kama saa mbili, ndipo uikate. Hapa ndipo penye jaribu kwa watoto, na kwa baba pia. Lakini pai ikatwayo ya moto humwagika, nayo iliyopoa husimama na ladha yake huzidi. Ikilala usiku mmoja mahali pa baridi, hakuna ubaya. Ila isikae siku nyingi, kwa sababu ya mayai na maziwa.

RANGI YA KIAZI

Twaongeza neno moja kwa faida ya watoto wadogo. Pai ya Marekani huwa na rangi ya dhahabu kwa sababu viazi vyao vingi vina nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo si pambo tu. Ni dalili ya betakarotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akosaye vitamini hiyo huanza kutoona vizuri jioni, na akikosa kwa muda mrefu aweza kuwa kipofu. Tena mwili wake hauna nguvu ya kupigana na surua na kuhara. Viazi vyetu vya zamani vyenye nyama nyeupe vina kidogo sana cha kitu hicho.

Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakizalisha mbegu za viazi vya rangi ya chungwa zifaazo nchi zetu, na hapa kwetu viazi hivyo huitwa viazi lishe. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni Dokta Robert Mwanga wa Uganda, ambaye mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Gramu 125 za viazi vya namna hiyo, yaani kiazi kimoja kidogo, kwa aina zilizo nyingi zatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku moja. Tena betakarotini huingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa na mafuta. Kwa hiyo siagi katika pai, au tui katika futari, ina kazi yake. Mwombeni bwana shamba wa wilaya yenu awaonyeshe zinakopatikana mbegu safi. Pandeni ngwe moja tu kwanza, mwone.

KWA WENYE NYUMBA NA KWA WALIMU

Akina baba, mkeo akikuambia, "Mwaka huu tusikope, nitaoka pai ya viazi vya shamba letu," usimjibu kwamba majirani watatucheka. Mpasulie kuni, mletee mayai, na siku yenyewe uisifu pai mbele ya wageni. Usiache mbachao kwa msala upitao. Viazi vi katika shamba lako na mayai ni ya kuku wako. Kitakachonunuliwa ni unga kidogo, sukari kidogo, siagi kidogo na kiungo, navyo vyaweza kulipwa taslimu.

Akina mama, mkutano wenu wa kanisa ukitaka fedha za paa au za kumsaidia mjane, kumbukeni chama cha Montgomery. Si lazima kila mara kuwasubiri wenye mali. Pai moja hutoa vipande 8; wanawake kumi wakioka, vipande 80 vitauzwa baada ya ibada, na fedha yake haina deni nyuma yake.

Nanyi walimu, twawapa kazi moja ya darasani. Kila mwanafunzi na aende kwa nyanya yake, au kwa mwanamke ye yote mzee wa jirani, amwulize namna ya kupika chakula kimoja cha kwao: michembe na matobolwa kwa watu wa Usukuma, futari kwa watu wa pwani, na kadhalika kila mahali. Aandike vipimo, aandike moto, aandike muda. Na juu ya karatasi aandike jina la mzee yule kwa herufi kubwa. Wako wazee wengi kati yetu walio kama Bibi Fisher, wajuao mengi wasiyoweza kuyaandika. Yeye alipata watu wa kumwandikia. Wetu nao wanao wajukuu waliosoma, ila wajukuu hawajaulizwa bado kuleta kalamu.

Na siku ya Krismasi, kabla hamjaikata pai, mwenye nyumba na ashukuru kwa ajili ya shamba, na mvua, na mikono iliyopika. Kisha kipande cha kwanza apewe mtoto, mpeleke kwa jirani asiye na kitu. Mungu azibariki nyumba zenu.